Vyeti vya ualimu kuvuka mipaka: tuelewane kabla hujakata tiketi

ChakiNyeupe (Arusha)

Wakuu salaam.

Kila ifikapo Novemba, shule zikianza kusaka walimu wa Januari, swali hili hurudi humu: "Nina shahada ya ualimu ya nchi fulani, je, nitakubaliwa nchi nyingine?" Majibu huwa mafupi, "inakubalika mkuu, wewe nenda tu," na mtu anauza kiwanja anaondoka. Leo naomba tulijadili kwa kina, maana wenzetu wengi wanaumia kwa mambo ambayo wangeweza kuyajua mapema.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati kwenye shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na kwa miaka kadhaa ndiye ninayeshughulikia mafaili ya walimu wa kigeni. Wakenya na Waganda wanaokuja kwetu, karatasi zao zinapita mezani kwangu. Watanzania wanaotoka nao huniletea zao niziangalie kabla hawajazituma.

Kinachowaumiza watu ni kuchanganya maamuzi mawili. La kwanza ni la karatasi: je, shahada hii ni ya kweli, na kwetu ina uzito gani? La pili ni la mtu: je, huyu anaruhusiwa kusimama mbele ya watoto na kuitwa mwalimu? Maamuzi haya mara nyingi hufanywa na ofisi tofauti, kwa vigezo tofauti, na kushinda la kwanza hakukupi la pili. Afrika Kusini wameliweka wazi kabisa: SAQA, mamlaka yao ya sifa za elimu, hupima cheti chako cha nje, halafu SACE, baraza lao la walimu, ndiyo inayokusajili au kukukataa. Hapa kwetu shahada ya nje inakwenda TCU (tume ya vyuo vikuu), stashahada NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na NECTA (baraza la mitihani). Unatoka huko na barua yako mkononi, lakini kwa mgeni bado kuna kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na tangu sheria ya ajira za wageni ya 2015 mwajiri anatakiwa aeleze kwa nini hakupata Mtanzania na ana mpango gani wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo.

Nitoe mfano wa faili moja. Dada wa Kiganda, Kemia na Baiolojia, alama nzuri sana. Transkripti yake ina kurasa mbili zilizojaa kozi. Mazoezi ya kufundisha, ambayo sisi tunayaita BTP, yamepewa mstari mmoja tu: jina la kozi, herufi B, basi. Hakuna idadi ya wiki, hakuna jina la shule, hakuna madarasa aliyoyafundisha. Kwetu hilo halikumzuia. Alipopata nafasi Ulaya, mstari ule ndio uliomkwamisha, kwa sababu kule walitaka kujua ameandaliwa kufundisha watoto wa umri gani na kwa muda gani. Chuo kilichelewa mno kujibu na nafasi akapewa mwingine.

Lenye kuniuma zaidi ni hili la nyumbani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na vya taaluma. Tangu hapo wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamesaini makubaliano yao ya kutambuana. Walimu hatumo. Taaluma yenye watu wengi kuliko hizo zote, na ambayo watu wake wanavuka Namanga, Sirari na Mutukula kila muhula, ndiyo iliyoachwa nje.

Naomba michango, hasa ya waliopitia. Taja nchi, ngazi ya cheti chako na masomo yako mawili ya kufundishia.

NyandoWetu (Kisumu)

Shukrani mwalimu kwa uzi huu. Digrii yangu niliisomea Uganda, Historia na Kiswahili, kisha nikarudi Kenya.

Huku TSC, tume ya walimu ya Kenya, haitazami digrii peke yake. Inarudi nyuma hadi kidato cha nne. Kufundisha sekondari lazima uwe na C+ ya jumla kwenye KCSE, na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Aliyepitia mfumo wa kidato cha sita anaangaliwa kama ana prinsipo (ufaulu kamili) mbili na sabsidiari (ufaulu mdogo) moja. Kwa hivyo kuna vijana wetu wengi waliokosa C+ kwa somo moja, wakavuka mpaka, wakasoma kwa bidii, wakahitimu vizuri, na waliporudi wakaambiwa digrii ni halali kabisa lakini namba ya TSC hawapati. Ndiyo yale maamuzi mawili unayoyasema.

Wengine mtaniona mkali, lakini hapo mimi naiunga mkono TSC. Mzazi wa Nyando ana haki ya kujua kwamba anayemfundisha mtoto wake Hesabu aliijua Hesabu yenyewe. Ninachopinga ni vijana hawa kutoambiwa mapema. Mawakala wa vyuo wanakuja mpaka vijijini kuwaandikisha, na hakuna hata mmoja anayewauliza wanataka kufundisha wapi.

ChakiNyeupe

Nakubaliana nawe kuhusu somo. Mwalimu lazima alijue somo lake, hilo halina mjadala.

Ila kuna ubishi wa miaka ambao naukuta mara kwa mara. Mkenya wa 8-4-4 ana shahada ya miaka minne. Mtanzania na Mganda wana shahada ya ualimu ya miaka mitatu. Ofisi nyingine, hasa za mbali, zikiona mitatu zinaiona pungufu. Sasa hesabuni darasa kwa darasa. Mkenya: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo, jumla 16. Mtanzania: saba, minne, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya chuo, jumla 16. Miaka ni ileile, imegawanywa tofauti tu. Kwa hiyo Mtanzania au Mganda anayepeleka vyeti nje asiache kuambatanisha cheti cha kidato cha sita, hata kama fomu imeomba shahada pekee. Miwili ile ndiyo inayoziba pengo machoni mwao, na nimeona maombi yakibadilika kwa karatasi hiyo moja.

Na mjiandae, kwa sababu Kenya inaingia kwenye mfumo wa 2-6-3-3-3 na sisi elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita. Majedwali yote ya ulinganifu itabidi yaandikwe upya.

BintiPangani (England)

Nipo England. Nasema England kwa makusudi, maana Scotland na Wales wana taratibu zao za kusajili walimu.

Tarehe 1 Februari 2023 walifungua mfumo mpya wa walimu wa nje kuomba QTS, ambayo ndiyo hadhi ya mwalimu aliyefuzu. Awali waliokuwa wakikubaliwa moja kwa moja walikuwa wa Ulaya, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na kadhalika. Mfumo mpya uliongeza nchi na maeneo tisa: Ghana, Hong Kong, India, Jamaika, Nigeria, Singapore, Afrika Kusini, Ukraina na Zimbabwe. Afrika ilipata nafasi nne, na wengi wa walioongezwa walikubaliwa kwa Hisabati, Sayansi na Lugha tu, kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwemo.

Kwa hiyo mimi niliingia kwa njia nyingine. Mwalimu aliyesomea nje anaruhusiwa kufundisha huku hadi miaka minne bila QTS. Ndani ya muda huo unatakiwa uitafute, na njia inayowafaa wenye uzoefu ni ile ya kupimwa tu: hutakiwi kurudi chuo, wanakuja kukukagua ukifundisha na kupitia ushahidi wa kazi zako. Siku ya ukaguzi nilikuwa na darasa la miaka 13, somo la mgawanyo wa seli. Mkaguzi hakunigusia Baiolojia hata kidogo. Alitaka nimwonyeshe kwenye daftari la mtoto mmoja mzito wa kuelewa nilichobadilisha baada ya wiki iliyopita, kisha akaenda kumwuliza mtoto mwenyewe. Mafunzo yetu ya nyumbani yananipa uwezo wa kulijibu swali hilo, ila hakuna mahali nilipowahi kuliandika. Anayetarajia kuja aanze leo kutunza maandalio ya somo, sampuli za kazi za wanafunzi na taarifa za wakuu wa idara waliomkagua.

Wakati huo wote unalipwa kwa ngazi ya mwalimu asiyefuzu, ambayo ni ya chini. Kwa mtu aliyefundisha miaka mingi nyumbani na kuwa mkuu wa idara, inauma. Usije bila kulijua hilo.

Mzalendo_Singida

Naheshimu michango, lakini mimi nina hoja tofauti. Walimu wetu wenye shahada wamejaa mitaani hawana ajira. Wanaendesha bodaboda. Halafu tunazungumzia kurahisisha Wakenya na Waganda waje? Makubaliano ya kutambuana yakisainiwa si ndiyo tumefungulia kila mtu?

ChakiNyeupe

Mkuu, uchungu wako ni wa kweli na siubezi. Mdogo wangu mwenyewe ana shahada ya Historia na Kiswahili na anauza vifaa vya simu.

Ila kutambuana hakumpi mtu ajira. Kunasema tu kwamba aliyesajiliwa Nairobi haanzi upya kuthibitisha Dar kwamba yeye ni mwalimu, na aliyesajiliwa Dar vilevile kule. Ajira bado ni ya mwajiri, vibali bado ni vya serikali. Na tazama upande wa pili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Afrika Kusini ilikiruhusu kama somo la hiari. Walimu wa Kiswahili wanaokaa mitaani ni hawa hawa wa kwetu na wa Kenya. Mdogo wangu hana sababu ya kuogopa kutambuana. Yeye ndiye anayehitaji kutambuana huko kuliko Mganda wa Kemia, ambaye shule zinamtafuta kwa vyovyote.

Kwa nini wahandisi waliweza na sisi hatukuweza? Nimelifikiria sana. Makubaliano yale husainiwa na bodi kwa bodi: wahandisi wana bodi zao za usajili kila nchi, wahasibu vilevile. Kwa walimu, Kenya TSC ndiyo msajili na ndiyo mwajiri. Uganda usajili umekuwa ndani ya wizara. Kwetu Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya 2015 kwa ajili ya walimu wa serikali, na sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa 2018. Meza ya kusaini ilikosa watu wa hadhi moja. Bodi yetu ikisimama imara na kusajili kila mwalimu, wa serikali na wa binafsi, tutakuwa na mtu wa kumkalisha kwenye meza hiyo. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wasiitazame bodi kama ada nyingine ya kulipa tu.

MwanaKivu (Bukavu)

Wapenzi, hapo mnazungumzia Kiingereza na Kiingereza. Kwetu sisi ni shida mara mbili.

Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Mimi nilisoma ISP, taasisi ya juu ya ualimu. Wakati wetu mtu alifanya miaka mitatu akapata graduat, tunaiita G3, halafu miwili ya licence. Sasa nchi inahamia mfumo wa LMD (shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu) kama Ulaya, lakini walimu wengi walioko kazini wana zile za zamani. Nilipopeleka G3 yangu kwenye ofisi ya nchi jirani, waliitafsiri kama stashahada, kwa sababu kwenye orodha yao hakuna kitu kinachoitwa graduat. Miaka mitatu ya chuo kikuu baada ya diploma ya serikali, yaani cheti chetu cha kumaliza sekondari, imekuwa sawa na stashahada ya mtu aliyetoka kidato cha nne. Na hata kabla ya kufika huko lazima tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, ukurasa kwa ukurasa, na unalipa mwenyewe.

Wako ndugu zetu katika kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, wanaofundisha watoto wakimbizi kwa mtaala wa Kongo. Ni walimu kila asubuhi. Wakitoka nje ya kambi hiyo, hakuna karatasi inayosema walikuwa walimu. Kwao naomba msisahau.

NyandoWetu

Pole sana ndugu. Hilo la wakimbizi, nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na Kenya na Uganda zimo, ziliahidi kwenye Azimio la Djibouti la Desemba 2017 kwamba vyeti na elimu za wakimbizi zitambuliwe. Tanzania si mwanachama wa IGAD. Ni ahadi nzuri, ila mwalimu wa kambini anahitaji mtu wa kumpa barua kwa jina lake, leo.

MamaZawadi (Kigali)

Nichangie moja fupi. Serikali zikiamua, zinaweza. Rwanda ilipohitaji walimu, Rais Kagame alitamka hadharani mwaka 2021 kwamba Zimbabwe itume walimu, mkataba ukasainiwa Desemba mwaka huohuo, na Oktoba 2022 kundi la kwanza la walimu 154 likaingia. Wenzangu wawili shuleni ni wa kundi hilo. Hakuna aliyezunguka peke yake na bahasha kutoka ofisi hadi ofisi, uchunguzi wa vyeti ulifanywa na serikali mbili kabla hawajapanda ndege.

Mtanzania anayekuja mwenyewe anaanza na mwajiri, na kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya hapa hakina ada. Hilo ni nafuu kubwa ukilinganisha na kwingine.

BintiPangani

Na kuna kitu ambacho nimeshangaa wengi wetu hatukijui. Nchi za Jumuiya ya Madola zilipitisha tarehe 1 Septemba 2004 itifaki ya kuajiri walimu kutoka nchi nyingine, baada ya nchi kama Jamaika kulalamika kwamba Uingereza inawamalizia walimu. Inazungumzia pande zote: nchi inayotoa isiachwe na madarasa matupu, na mwalimu anayekwenda asidanganywe kuhusu kazi, mshahara na hadhi ya vyeti vyake. Haina nguvu ya sheria, lakini Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa Madola. Ukifika na ukakuta mkataba umebadilishwa, itaje kwa maandishi. Mimi niliitaja, na mazungumzo yakawa ya adabu zaidi.

Ukerewe_Ujerumani

Kwa wanaofikiria Ujerumani, nitasema kwa kifupi. Ualimu uko chini ya majimbo, na majimbo ni 16, kwa hiyo jibu la Bavaria si jibu la Berlin. Mwalimu wa kule huandaliwa kwa masomo mawili, kisha anafanya mafunzo ya vitendo, kwa kawaida ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mtihani wa serikali. Sisi tuna bahati ya kusomea masomo mawili, walimu wa nchi nyingi wana moja na wanaambiwa warudi chuo. Lakini ukiwa na Jiografia na Kiswahili, Kiswahili si somo la kawaida katika shule zao, kwa hiyo unahesabiwa kuwa na moja. Mwenye Fizikia na Hisabati yuko pazuri. Na Kijerumani kinachotakiwa ni cha juu sana, C1 au C2. Nenda na miaka ya kujifunza lugha kichwani.

Hata wao kwa wao Ulaya si rahisi. Daktari na muuguzi wana utambuzi wa moja kwa moja chini ya mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2005, mwalimu hayumo kwenye orodha hiyo. Anapimwa mmoja mmoja, na wakiona pengo wanampa mtihani au kipindi cha kuzoea kazi.

ChakiNyeupe

Hapo umenifungua macho mkuu. Kumbe kuwaacha walimu nje si tabia ya Afrika Mashariki peke yake.

Naongeza jambo la karibu na nyumbani. Mwaka 1981 nchi za Afrika zilikutana hapa hapa Arusha zikapitisha mkataba wa UNESCO wa kutambuana vyeti vya elimu ya juu. Ukaboreshwa Addis Ababa 2014, na ule wa dunia nzima ukapitishwa 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Yote hiyo ni ya uamuzi wa kwanza, wa karatasi. Inasaidia shahada ipimwe kwa haki na ukikataliwa uelezwe sababu. Kumsajili mwalimu bado ni kazi ya kila nchi.

Kijana_wa_Mkwawa

Shikamooni walimu wangu. Mimi niko mwaka wa tatu, Baiolojia na Jiografia, na nimetoka BTP ya mwisho. Nimesoma uzi wote nimeogopa kidogo. Naomba mniambie, nikiwa bado chuoni, nifanye nini sasa hivi?

ChakiNyeupe

Marahaba kijana. Uko mahali pazuri, kwa sababu wale unaowahitaji wakusainie bado wanakufahamu kwa sura.

Nenda ofisi ya mkuu wa kitivo uombe barua yenye nembo na muhuri inayosema: umefanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki ngapi, tarehe ngapi hadi ngapi, shule zipi, madarasa yapi, wanafunzi wa umri gani, na nani aliyekukagua. Kukosa barua hii ndiko kulikomkosesha nafasi yule dada wa Kiganda. Kuiomba leo ni suala la siku chache, kuiomba ukiwa ughaibuni ni kubembeleza watu wasiokukumbuka. Omba na muhtasari wa kila kozi, si majina tu, kwa sababu wapo watakaotaka kujua ulisoma mada gani ndani yake.

Kagua majina. Kidato cha nne, kidato cha sita, shahada, kitambulisho cha taifa (NIDA) na hati ya kusafiria, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" kwetu ni mtu mmoja, kwao ni watu wawili. Tofauti ikiwepo, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo sasa.

Ukianza kazi, hata ya kujitolea, kila shule unayoiacha ikupe barua yenye tarehe ya kuanza, ya kuacha, somo na madarasa. Marekani, kwa mfano, viza ya walimu wa kubadilishana, J-1, inadai angalau miaka miwili ya uzoefu na inakupa mitatu ya kufundisha, na unaweza kuongezewa hadi miwili. Miaka hiyo ya uzoefu isiyo na barua haihesabiki.

Kwa Ghuba vyeti vinahitaji mihuri kwa mpangilio, kwa kawaida wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Uliza mpangilio kwenye ubalozi wenyewe kabla ya kulipa popote, maana muhuri ukitangulia mwingine unaweza kurudishwa mwanzo.

Na cheti halisi usimwachie wakala, awe nani. Mpe nakala iliyothibitishwa. Anayeng'ang'ania halisi "kwa siku mbili tu", chukua karatasi zako uondoke ofisini kwake.